Njia ya Baiskeli kutoka Songea hadi Ziwa Nyasa: Milima, Historia na Riziki ya Vijiji

Mada kwa semina ya wadau wa utalii na utamaduni, Songea

Utangulizi

Hoja yangu ni moja, nami nitaieleza kwa kuwapitisha njiani hatua kwa hatua. Mkoa wa Ruvuma tayari una njia ya utalii wa baiskeli inayoweza kusimama mbele ya njia yoyote ya Afrika Mashariki. Barabara ipo, milima ipo, ziwa lipo, na historia imejaa. Tunachokosa ni huduma ndogondogo za kumwezesha mgeni kulala, kula, kutengeneza baiskeli yake na kusimuliwa habari za mahali na wenyeji wa mahali hapo. Kwa hiyo naomba mipango yetu ianzie kwa fundi baiskeli, mama lishe na mzee wa kijiji, kabla ya mabango na matangazo.

1. Kwa nini baiskeli

Vivutio vyetu vimetawanyika, na vingi ni vidogo. Mwenye gari hutoka Songea asubuhi, mchana yuko Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na fedha yake yote anaiacha sehemu mbili: kituo cha mafuta na hotelini. Mwendesha baiskeli hawezi kufanya hivyo. Njaa itamkamata Kigonsera, maji yatamwishia kabla ya Mbinga, na usiku utamkuta mahali ambapo basi halisimami. Kila anaposimama, pana mtu wa kumuuzia kitu na kuzungumza naye.

Majirani zetu wameliona hili mapema. Rwanda wana njia ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, nayo ni milima mitupu, kahawa na maji, kama huku kwetu. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Nasi tusisahau kwamba tangu mwaka 2003 msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo kwenda Cape Town, hupita Tanzania, ukashukia Mbeya na kuingia Malawi. Wageni wale huteremka upande wa pili wa ziwa hili hili letu. Meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200, huunganisha bandari ya Itungi, Kyela, na Mbamba Bay. Mlango wa kuwaingizia baadhi yao kwetu tunao.

2. Njia yenyewe

2.1 Songea hadi Peramiho

Safari ianzie Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, hapa hapa mjini. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji vya kuupinga utawala wao, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakawazika katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Wazee wetu wanaeleza kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakidai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika makumbusho haya, akakutana na wajukuu wa mashujaa na kuomba msamaha.

Mgeni akianzia hapo, kilomita kama 24 za kwenda Peramiho zitakuwa na uzito mwingine. Misheni ya Peramiho ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1898, na mwanzilishi wake, Cassian Spiss, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliuawa Agosti 1905 vita vilipokuwa vinaanza. Mwezi uliofuata misheni yenyewe ikachomwa moto. Leo pana abasia, kanisa kubwa la matofali, karakana na hospitali inayotibu watu wa mkoa mzima. Pande mbili za vita vile zimetenganishwa na mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, na msimulizi mwema aweza kuzieleza zote mbili bila kuficha kitu.

2.2 Peramiho hadi Mbinga

Baada ya Kitai barabara huanza kupanda na kushuka bila kupumzika. Tunaingia Umatengo, nchi ya miinuko inayofika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapa namsihi kila mwongoza wageni asimamishe baiskeli atazame mashamba ya ngoro.

Ukiwa mbali unaona mlima umejaa vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, kutoka kileleni hadi bondeni. Ukisogea unaelewa kazi iliyofanyika. Mwezi Machi hivi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, hata shamba likawa na miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Katikati hubaki shimo, kandokando hubaki matuta, na maharage hupandwa juu ya matuta. Nyasi zinaoza zikawa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni na udongo unatua humo humo badala ya kukimbilia mtoni. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa namna hii vizazi na vizazi, na ardhi yao haijaporomoka. Huu ni uhandisi, na mama anayechimba ngoro ndiye mwalimu wake. Mgeni akitaka kufundishwa, alipe ada ya somo.

Mbinga pia ni nchi ya kahawa. Mavuno huangukia kiangazi, majira yale yale yanayofaa kwa baiskeli, kwa hiyo mgeni anaweza kuona kahawa ikichumwa, ikimenywa na kuanikwa. Kwa wenye miguu yenye nguvu, kuna mchepuko wa kwenda Litembo, mahali pa mapango na majabali ambako Wamatengo walijihami dhidi ya maadui zao, na ambako mwaka 1902 walipambana na Wajerumani. Wengi hapa nchini husoma historia ya upinzani kuanzia Majimaji. Litembo inatukumbusha kwamba moto ulikwisha kuwaka kabla.

2.3 Mbinga hadi Mbamba Bay na Liuli

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, na hapo ndipo njia inapofikia uzuri wake wote. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, maana yake mwendesha baiskeli anaacha baridi ya Umatengo na kuteremka, kona baada ya kona, hadi kwenye joto, minazi, mihogo na mitumbwi. Jioni anakula ugali wa muhogo na mbasa, au dagaa wa Nyasa waliokaangwa siku hiyo hiyo.

Asiishie hapo. Akipinda kaskazini kufuata ufuko atafika Liuli, mji mdogo wenye historia kubwa. Wajerumani waliuita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake, ambalo sisi tunaliita Jiwe la Pomonda. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea hapo na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Hayo ni miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na yalitokea katika Wilaya ya Nyasa ya leo. Liuli ndipo pia alipozikwa mwaka 1928 mmisionari William Percival Johnson wa UMCA, shirika la kimisionari la Kianglikana, aliyelitumikia ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40.

Wa kurudi Songea ana njia mbili: aendelee kaskazini hadi Lituhi na kupandia Ruanda ya hapa Mbinga mpaka Kitai, au arudi Mbamba Bay apakie baiskeli juu ya basi. Mgeni wa mara ya kwanza namshauri hiyo ya pili, kwa sababu nitakayoieleza.

3. Majira na usalama

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Msimu wa safari nzima uwe Juni hadi Oktoba. Juni na Julai Mbinga ina baridi kali, basi mgeni aambiwe abebe koti. Miezi hiyo upepo wa kusini hupiga sana ziwani, na ndiyo maana nimeelekeza safari ya ufukoni iende kutoka Mbamba Bay kwenda Liuli: upepo utamsukuma mgongoni. Kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji huangukia Februari, katikati ya msimu wa mvua. Wanaokuja kwa ajili yake waandaliwe safari fupi ya lami ya kwenda Peramiho na kurudi.

Hatari kubwa ni malori ya makaa ya mawe yatokayo Ruanda kupitia Kitai. Ni mazito, ni mengi, na barabara ni nyembamba. Hii ndiyo sababu ya kuwazuia wageni wasioijua njia wasipite Ruanda bila mwenyeji, na ya kuwataka waondoke Songea alfajiri, wakiwa wamevaa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa. Hatari ya pili ni mteremko wa kwenda ziwani. Anayebana breki moja bila kuiachia, rimu hupata moto, breki ikaisha nguvu na tairi laweza kupasuka. Abane na kuachia, kwa breki zote mbili, na asimame njiani rimu zipoe.

4. Riziki ibaki wapi

Mtazameni fundi baiskeli wa kijijini kwetu akifanya kazi chini ya mwembe. Anaichomoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kidogo kidogo katika beseni la maji mpaka mapovu yatoke, anaweka alama kwa kijiti, anakwangua, anapaka gundi, anasubiri ikauke, kisha anabandika kiraka. Ujuzi anao. Asichonacho ni cheni ya baiskeli ya gia, nyaya za breki, spoki za vipimo mbalimbali na pedi za breki za diski. Kisanduku kimoja cha vipuri hivyo Peramiho, kimoja Mbinga na kimoja Mbamba Bay kitafanya kazi kubwa kuliko bango lolote.

Vijana wetu pia wasiachwe. Tamasha la Majimaji Selebuka limewahi kuwa na mbio za baiskeli hapa Songea, na vijana wanaobeba mihogo na mkaa kwa baiskeli milimani wana mapafu ambayo mgeni atayahusudu. Wafundishwe historia, huduma ya kwanza na lugha, wawe waongozaji.

5. Mapendekezo

Kwanza, halmashauri za Songea, Mbinga na Nyasa zikae pamoja na kuitambua njia hii kama njia moja, yenye ramani moja.

Pili, mafundi watatu wa kuanzia wakopeshwe visanduku vya vipuri kupitia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Tatu, wakala wa barabara uombwe kuweka alama za tahadhari kati ya Songea na Kitai na kwenye mteremko wa Mbamba Bay, na wenye malori washirikishwe tangu mwanzo.

Nne, masimulizi ya makaburi ya mashujaa, Litembo na Liuli yaandaliwe na wazee na koo zinazohusika pamoja na makumbusho. Mgeni aelezwe mapema kwamba kaburini hapigi picha kabla ya kuruhusiwa.

Tano, tuanze na Watanzania wenyewe: shule, vyuo na vilabu vya baiskeli vya mikoa jirani.

Hitimisho

Ndugu washiriki, hakuna pendekezo hata moja hapa linalosubiri mfadhili mkubwa. Kiangazi kijacho kundi dogo la vijana wetu laweza kuondoka makumbusho hadi Liuli, likiandika kila mahali palipokosa maji, kitanda au kipuri. Orodha watakayorudi nayo ndiyo iwe mpango kazi wetu. Naomba semina hii, kabla haijafungwa, iteue watu wa kulisimamia jambo hilo.