HOTUBA YA MWENYEKITI: HABARI YA MABESENI YA YUNGIYUNGI



Historia ya kikundi katibu ameshaieleza, na mahesabu mweka hazina amesoma. Sisi tumeombwa tuseme juu ya yale mabeseni mliyoyakuta mlangoni.

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa shilingi 80,000 apande yungiyungi. Tulicheka. Yungiyungi si linajiotea bwawani? Akatueleza kwamba hili ni lile la Kihindi. Jani lake ni duara lisilo na mpasuko, na likikua husimama juu ya maji, halilali kama la kwetu. Wahindi hulitumia kwenye ibada. Mbegu alizipata kwenye duka lao huko Kisutu, zimetungwa kama tasbihi. Basi tukampa, akaweka rehani cherehani yake.

Akaloweka mbegu. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, mwezi ukaisha. Maji yananuka, mbu tele, majirani wamekuja juu, na marejesho hakuna. Kikao kikaamua cherehani iuzwe, na sisi viongozi ndio tuliotangulia kutia sahihi. Tunalisema wazi maana mwenyewe yupo hapo mbele, anatutazama.

Kilichomwokoa ni tupa. Mwanawe ni fundi baiskeli, akaisugua mbegu moja kwa tupa, na siku ya tano ikachipua! Kumbe hazikufa. Ganda lile ni gumu kama jiwe, maji hayapenyi. Bwana Shamba alituambia kuwa Japani mwaka 1951 zilifukuliwa mbegu za namna hii zilizokaa ardhini miaka mingi mno, na moja ikatoa ua mwaka 1952.

Sasa mnaotaka kujaribu, sikilizeni. Sugua ncha moja tu, mpaka weusi uishe uone rangi ya maziwa. Hapo acha, ukizidisha unaumiza kiini. Tia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, uiweke mahali penye joto, na maji ubadilishe kila siku, kila siku jamani, hapo ndipo wengi wetu tuliharibu. Inayoelea baada ya siku mbili itupe. Majani ya mwanzo ni madogo, yanalala juu ya maji. Mizizi ikitoka, hamishia kwenye beseni lisilotoboka, lenye udongo wa mfinyanzi. Samadi usitie, mche mchanga utaungua. Chipukizi usilifukie. Beseni likae juani, na utie samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Ua usilitegemee mwaka wa kwanza, na mteja usimwahidi rangi, kwani mbegu haifuati mama yake. Tena msimwage miche mtoni, itaenea tushindwe kuizuia.

Cherehani haikuuzwa. Tulimwongezea miezi mitatu, lakini tukamtoza faini ya shilingi 5,000 kwa kuchelewa. Deni alilimaliza mwaka 2020 kwa kuuza miche, na leo wanachama sita wanayo mabeseni kutoka kwake.

Ile faini hatujamrudishia mpaka leo. Katibu, tafadhali iandike kwenye ajenda ya mwezi ujao.