Mwenye Kazi Asiyejitosheleza: Mazungumzo na Kamati za Parokia, Oloipiri



Leo tunawazungumzia vijana wanaotoka Oloipiri na kata jirani za Loliondo kwenda mijini kulinda maghala na kubeba magunia. Huku nyumbani tunasema wamepata kazi. Hata hivyo, zipo kaya ambazo baba ana kazi mjini, na mama na watoto wanaishi kwa ruzuku ya TASAF. Sare za shule zikikosekana, wanabisha hodi kwenye kamati zetu. Kwa nini mwenye kazi asaidiwe kama asiye na kazi?

Tuangalie hesabu. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha Sh. 148,000 kwa mwezi kwa mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi. Viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa za kawaida 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, amekesha saa 72. Akipewa kima cha chini kitupu, saa 27 za ziada hazimo katika malipo yake.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa 2012 ili watoto wa kaya maskini sana wale, wasome na wafike kliniki. Haukuwekwa ili kumpunguzia mwajiri gharama. Pengo la mshahara halipotei. Hulipwa na Serikali, na mbuzi anayeuzwa mnadani, na sadaka ya Jumapili.

Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba ujira umtosheleze mfanyakazi mwenye kiasi. Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kamati inapopokea ombi la msaada, iulize pia juu ya mkataba, saa za kazi na michango ya NSSF.

2. Aliyepunjwa aelekezwe mapema Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai ya mshahara yana muda wa siku 60.

3. Parokia na miradi yetu nayo ina walinzi na wapishi. Wafadhili, tunaomba fungu la mishahara yao lisiwe la kwanza kukatwa katika bajeti.

Msaada tutaendelea kuutoa, maana mtoto hawezi kusubiri. Lakini anayekesha akilinda mahindi ya wengine anastahili kuwanunulia wanawe unga kwa jasho lake.