Safari ya Kibali cha Bastola Ndogo: Sahihi ya Kwanza Hutiwa Kijijini

(Mada kwa semina ya watendaji wa vijiji na kata, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na wafanyabiashara, Ruangwa)



Kila msimu wa korosho unapokaribia, watu hunifuata na swali lile lile: nifanyeje nipate bastola ndogo? Hawaulizii bunduki ndefu. Wanataka ile inayokaa kiunoni chini ya shati, ambayo hata aliyeketi nao kwenye bajaji haioni. Wanaouliza ni wanunuzi wa mazao, mawakala wa fedha za simu, na siku hizi wenye mashimo ya dhahabu pia. Hofu yao ni ya kweli. Mtu anayefunga kibanda chake saa mbili usiku na mauzo ya siku nzima mfukoni ana haki ya kuogopa.

Jibu ninalowapa ni refu, na leo nataka nilieleze mbele ya watendaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu hilo iko mikononi mwao.

Tuanze na sheria. Inayotuongoza ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtumwa wa pombe wala dawa za kulevya, na awe na cheti kinachothibitisha kwamba amefundishwa na anaweza kushika silaha bila kuhatarisha watu. Maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji, yakapita kata, yakafika kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD) na Kamati ya Ulinzi na Usalama, yakapanda mkoani Lindi, hadi Makao Makuu ya Polisi. Anayekubaliwa hupewa kwanza kibali cha kununua, na akishanunua ndipo silaha husajiliwa kwa aina yake na namba yake. Leseni ile ni ya bastola ile moja na mtu yule mmoja. Haihami kwa mke, kwa mtoto wala kwa mbia wa biashara.

Kibali mkononi, shida ya pili ndiyo huanza: bidhaa yenyewe. Maduka ya silaha yenye leseni ni machache na yako kwenye miji mikubwa. Mtu wa Ruangwa husafiri mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam, na akifika anakuta bastola kubwa zipo, ndogo hazipo. Muuzaji naye hawezi kuagiza kama anavyoagiza sabuni. Kila shehena inahitaji kibali cha kuingiza nchini, na mteja wa bastola ndogo ni mmoja leo na mwingine mwakani. Kwa hiyo mnunuzi huambiwa asubiri.

Msidhani ugumu huu wa kuingiza bastola ndogo ni wa Tanzania peke yake. Marekani, nchi tunayoisikia kwa wingi wa bunduki zake, sheria ya mwaka 1968 iliziwekea bastola zinazotoka nje masharti ya kimo na uzito. Bastola ya Kijerumani Walther PPK, iliyoanza kutengenezwa 1931 na kupendwa kwa udogo wake, ikashindwa kuingia kwa sababu ya kimo kilichopungua kidogo mno. Kiwanda kikachukua kiunzi kirefu zaidi cha bastola yao nyingine, PP, kikakiunganisha na sehemu ya juu ya PPK, kikaiita PPK/S, nayo ikaruhusiwa. Nchi yenye bunduki nyingi vile ilikiogopa kilekile tunachokiogopa sisi: silaha inayofichika.

Kufichika ndiko kunakompendeza mfanyabiashara, na ndiko kunakoipa dola wasiwasi. Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Bastola ndogo ni ngumu kuitumia kuliko kubwa. Mtutu ni mfupi, nafasi kati ya alama ya nyuma na ya mbele ni finyu, hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mpini hautoshi vidole vyote, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Kwa sababu ni nyepesi, hurusha mkono kwa nguvu kila risasi inapotoka. Inabeba risasi chache. Askari anayefanya mazoezi mara kwa mara anaimudu. Mnunuzi wa ufuta aliyefyatua mara chache uwanjani siku ya mafunzo, kisha akaifungia kabatini miaka mitatu, hataimudu usiku gizani huku moyo unamwenda mbio. Mwizi aliyekuja na panga ataondoka na panga na bastola.

Sisemi haya kwa kukisia. Ukanda wetu wa kusini umeona silaha halali zinavyogeuka kuwa haramu. Aprili 2017, kule Kibiti, askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa barabarani na silaha zao zikachukuliwa. Hao walikuwa askari, wamefunzwa, wako pamoja kwenye gari. Kamati ya usalama ya mkoa wowote wa kusini inapokaa kujadili maombi ya bastola, kumbukumbu hiyo imo mezani, na ni haki iwemo. Mnaolalamika kwamba mnacheleweshwa, lifikirieni hilo kabla ya kudhani kwamba mtu anangoja bahasha.

Hata hivyo kuchelewa kusiko na maelezo kunazaa dhambi nyingine. Mwombaji aliyengoja bila kujua faili lake limekwama wapi ndiye hufuatwa na yule wa pembeni anayesema, "Mzee fulani ana bastola yake ndogo, haitumii, tumalizane." Kuuziana mkononi namna hiyo ni kosa, hata kama mzee ana leseni safi na mnunuzi ana kibali safi. Silaha haibadilishi mikono mpaka polisi waridhie na daftari libadilishwe.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo panapotuumiza zaidi: silaha za marehemu. Mzee akifariki, watoto hugawana mashamba na mikorosho, na bastola hubaki ndani ya sanduku, imeviringishwa kwenye kanga. Hakuna mwenye nia mbaya. Mama anaogopa kuipeleka kituoni asije akaulizwa alikuwa nayo wapi siku zote hizi. Lakini leseni imekufa na mwenyewe, na kila siku silaha inayokaa pale inakaa kinyume cha sheria, huku wajukuu wakijua sanduku liko wapi. Mrithi anayeitaka anaruhusiwa kuomba upya kwa jina lake, silaha ikiwa imehifadhiwa polisi. Asiyeitaka aisalimishe. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na serikali yetu ilitoa msamaha wa namna hiyo 2022 na tena 2023. Mtendaji anayehudhuria msiba na kujua marehemu alikuwa na silaha aikumbushe familia kabla ya arobaini. Ni maneno mawili matatu tu, na hakuna mwingine atakayeyasema.

Sasa nirudi kwa mtendaji na kalamu yake. Nimeona barua nyingi za utambulisho wa waombaji. Nyingi zina mistari miwili: ni mkazi wa kijiji hiki, ana tabia njema, apewe ushirikiano. Muhuri, sahihi, basi. Barua hiyo haimsaidii OCD kitu. Makao Makuu wana kumbukumbu za mahakama na alama za vidole, lakini hawajui kwamba bwana huyu mwaka jana alimtishia jirani kwa panga juu ya mpaka wa shamba, likasuluhishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji bila kufika polisi. Hawajui kwamba mkewe amekimbilia kwao mara kadhaa akiwa na alama usoni. Wewe unajua. Ukiandika "tabia njema" ukijua hayo, umeitia sahihi ile bastola, na siku itakapofyatuliwa ndani ya nyumba ile, jina lako limo kwenye jalada. Ugomvi wa ndani ni hatari ambayo mwombaji haiandiki kamwe kwenye fomu.

Vilevile mtu mwema anastahili kuandikiwa wema wake kwa kirefu, na kwa haraka: amekaa kijijini miaka mingapi, anafanya biashara gani, fedha zake hupita njia gani, nyumba yake ina sehemu ya kufungia silaha. Na aambiwe tarehe barua yake ilipotoka kwenda wilayani, ili ajue pa kuulizia.

Kwa wafanyabiashara neno langu ni la wazi. Wengi wenu mkipunguza fedha taslimu, haja ya bastola inapungua nayo. Mkulima wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI leo analipwa kupitia akaunti, na mfumo wa stakabadhi ghalani pamoja na makelele yake yote umeondoa magunia ya noti barabarani. Aliyebaki na noti mkobani usiku mara nyingi ni mtu wa kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, na huyo namwambia waziwazi kwamba hakuna kamati itakayompa silaha ya kulinda biashara ambayo yenyewe imepigwa marufuku.

Aliye na sababu ya kweli aombe, asubiri, na akikosa bastola ndogo dukani akubali kubwa au arudi bila kitu. Asinunue pembeni. Watendaji, nawaomba barua itakayofuata kutoka mezani kwenu iwe na ukweli wote mnaoujua, hata kama mwombaji ni shemeji.