Utoto wa Mtu wa Maajabu: Yaliyotokea na Yaliyosimuliwa

Mhadhara wa umma uliotolewa Mikese, Morogoro

 

Nikiwa darasa la tatu alikuja shuleni kwetu mtu wa mazingaombwe. Kila mmoja alitoa sarafu yake, tukaketi chini ya mwembe. Akachana karatasi ya daftari, akaikunja kiganjani, akaipuliza. Alipokunjua vidole, ikatoka noti. Kaka yangu alikuja kunionyesha jinsi noti inavyobanwa katikati ya vidole, na mshangao ukaniisha. Kilichoniganda moyoni ni yale aliyotueleza kabla hajaanza: kwamba akiwa na miaka saba maji ya Mto Ngerengere yalimchukua, akalala huko chini, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nikakutana na habari hiyohiyo. Ilikuwa katika masimulizi ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, yaliyokusanywa na wanahistoria wa Dar es Salaam kutoka kwa wazee mwishoni mwa miaka ya 1960. Humo aliyechukuliwa hakuwa mtoto. Alikuwa Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mtu mzima, mwaka 1904. Wanasimulia kwamba alitambaa kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, akaelekea bwawani. Ndugu zake walipojaribu kumshika alipiga kelele kwamba wanamuumiza. Wajuzi wa kuogelea walipiga mbizi wasimwone. Kesho yake akaibuka mzima, nguo kavu, na kuanzia hapo akaagua.

Sasa tuchambue, maana hapa ndipo penye kazi. Kwamba Kinjekitile aliishi, akagawa maji ya dawa na watu wakamiminika Ngarambe, hilo halina ubishi. Kwamba Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya watu wa Nandete kung'oa pamba, kitendo kilichoanzisha vita, hilo nalo limethibitika. Habari ya bwawa ni ushahidi wa namna nyingine: inatuonyesha waliomfuata walimwona nani. Nanyi mnaotoka milimani mnaelewa upesi kuliko mimi, kwa kuwa Wazaramo walikuwa wakipanda Uluguru kumwomba mvua mzimu Kolelo, na mwaka ule wa vita jina lake lilitajwa pamoja na maji.

Masimulizi hayo huanzia bwawani, hayaanzii utotoni. Waliokirudisha kisa nyuma, wakakivika miaka saba, ni wanamazingaombwe kama yule wetu. Kwa nini? Mtoto hana mwalimu wa kutajwa wala mashahidi wa kuulizwa. Uwezo uliomjia mtu akiwa na miaka saba unaonekana amezaliwa nao, na ile miaka ya kufanya mazoezi ya vidole mpaka viume inafutika.

Ndivyo alivyofanya pia Houdini, bingwa wa kujifungua pingu aliyesifika dunia nzima. Alijitangaza kuwa mzaliwa wa Appleton, Wisconsin, tarehe 6 Aprili 1874. Kumbukumbu zinamtaja Erik Weisz, mzaliwa wa Budapest, 24 Machi mwaka huohuo, aliyefika Marekani mwaka 1878. Alisimulia pia kwamba utotoni alining'inia kichwa chini akiokota sindano kwa kope zake. Kisa cha sindano kina msimulizi mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akiuza tiketi. Hata hivyo nawasihi wanafunzi msikimbilie kumwita mwongo. Baba yake alikuwa rabi mhamiaji, na familia iliijua njaa. Mtoto wa namna hiyo anapojichagulia mji wa kuzaliwa, anatuambia alitamani kuhesabiwa mwenyeji wa wapi. Tarehe tuisahihishe, hiyo tamaa tuiandike pia, kwa kuwa ni sehemu ya maisha yake.

Kwa hiyo kila kisa cha utoto nakiuliza kilisimuliwa na nani, lini, na mbele ya nani. Haki inadai nianze na changu. Mwezi uliopita niliwatafuta wenzangu wawili wa darasa lile. Mmoja anashikilia kwamba mto uliotajwa ni Ruvu. Mwingine anasema maji hayakutajwa kabisa. Kwake yeye, yule bwana alizungumzia chatu aliyemlea pangoni. Nikabaki nikijiuliza kama bwawa la Ngarambe nililosoma chuoni halikuingia kwenye kumbukumbu yangu ya chini ya mwembe, na kama nimemtwika yule bwana maneno yasiyo yake.

Noti ndiyo tuliyoafikiana sote watatu. Ilikuwa ya shilingi kumi, na upande mmoja ilikuwa imelowa jasho la kiganja chake.