Mche Usinyauke Siku ya Kwanza Shambani

Ilula, mkoani Iringa, nyanya hupangwa kwa matenga kando ya barabara kuu. Safari yake huanzia kitaluni, na mara nyingi huharibikia siku ya kuhamisha miche.

Miche iking'olewa saa tano asubuhi jua likiwaka, jioni huwa imelala chini hata kama udongo umelowa. Vinyweleo vya mizizi, vyembamba kama uzi wa buibui, ndivyo hufyonza maji, na vingi vimekatikia kitaluni. Majani yanaendelea kupoteza maji ambayo mizizi haiwezi kurudisha.

Kinga huanza mapema. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, kivuli na maji hupunguzwa kidogo kidogo ili shina likomae. Siku yenyewe kitalu humwagiliwa vizuri saa chache kabla, mche utoke na udongo wake. Hapa ndipo wengi hukosea: huuvuta kwa shina! Uchimbuliwe taratibu, ushikwe kwa jani. Jani likichanika litachipua jingine; shina likipondeka, mche umekwisha.

Upandwe jioni, au siku ya mawingu, kwenye shimo lililokwisha kuloweshwa, lenye samadi iliyooza kabisa, kwani mbichi huunguza mizizi. Nyanya inaweza kufukiwa hadi karibu na majani ya chini, maana shina lake huotesha mizizi.

Kisha maji, matandazo yasiyogusa shina, na kivuli chepesi kwa siku chache.

Wenye vitalu msimu huu, msisubiri miche ipite wiki 6. Mche uliozeeka hushika kwa shida.