Presha Haipigi Hodi
Hotuba ya walimu wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, Gorom, Juba



Sisi walimu tumepewa dakika chache, nasi tumechagua kusema juu ya presha, yaani shinikizo la damu. Huenda mtu akauliza: leo ni tarehe 20 Juni, siku inayoadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001, ugonjwa umeingiaje? Jibu ni kwamba tazameni macho ya walioiandaa siku hii. Wajumbe wa kamati wamekesha. Wakalimani wanashinda kwenye foleni ya uandikishaji. Walimu tunasahihisha mitihani kwa mwanga wa tochi. Mama anachota maji usiku, na alfajiri yuko jikoni. Ndugu zetu wa mashirika nao wanamaliza ripoti usiku wa manane. Tangu vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wageni wamefika hapa kwa wingi, na kazi imeongezeka.

Mwili una hesabu yake. Mtu akiwa na hofu au haraka, moyo hupiga kwa nguvu na mishipa hubana, hivyo presha hupanda. Usiku, tunapolala vizuri, hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, na hapo ndipo moyo na mishipa hupumzika. Asiyelala huinyima mishipa mapumziko hayo. Usiku mmoja si kitu. Miezi ikipita hivyo, moyo, figo na ubongo hulipa deni.

Ubaya wa presha ni kwamba haipigi hodi. Wengi walio nayo hawasikii maumivu yoyote. Mwalimu mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuseme, alikuwa na vidonge vyake nyumbani. Aliviacha kwa sababu alijisikia mzima, na wakati wa mitihani hakupata nafasi ya kwenda zahanati. Alianguka darasani, upande wa kulia ukapooza. Leo anajifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi tufanyeje, ndugu zangu, nasi kazi hatuwezi kuiacha?

Kwanza, tupime. Kabla ya kupimwa, keti dakika 5 bila kuzungumza, miguu ikiwa chini, mkono ukiegemea meza usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Namba ikifika 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu.

Pili, dawa haina likizo. Vidonge kama amlodipini humezwa kila siku, si siku kichwa kinapouma tu. Namba ikiwa nzuri, maana yake dawa inafanya kazi. Ukisahau jana, usimeze mara mbili leo. Usiazime vidonge vya jirani. Na tujihadhari na dawa za maumivu za dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni: zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Muulize mganga kwanza.

Tatu, chumvi. Kwa siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hesabu hiyo imo ile ya Maggi tunayotia kwenye mchuzi wa bamia. Samaki mkavu wa chumvi aloweshwe, na maji yale yamwagwe.

Nne, usingizi. Aliyekesha zamu apewe saa ya kulala mchana, asionekane mvivu. Kahawa ya tangawizi tuinywe asubuhi, jioni tuiache.

Tano, tujue dalili za hatari. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika ghafla, hicho ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Kadhalika kifua kikibana. Na mama mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu au uso uliovimba asingoje kesho, maana kifafa cha mimba huua mama na mtoto.

Tunamalizia na maombi matatu. Kwa kamati: mikutano iishe kabla ya saa mbili usiku. Kwa mashirika: siku ya mgao, wekeni meza moja yenye mashine ya kupimia presha karibu na foleni, kwani pale ndipo watu wote hupita, na mwenye presha iliyotulia apewe vidonge vya miezi miwili, asichague kati ya dawa na chakula cha watoto. Kwetu sote: tuulizane. Kama tunavyoulizana habari za nyumbani, tuulizane pia, "Umemeza dawa? Umelala?"

Tulivuka mipaka tukibeba watoto mgongoni. Watoto hao bado wanatuhitaji tukiwa wima.