Kuipaka Nyumba Chokaa, Nje na Ndani

Sisi tu walimu katika chuo cha ualimu, lakini kwetu ni Madibira, ukingoni mwa nchi tambarare ya Usangu, mahali ambapo mto Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu za Iringa na kuyanywesha mashamba ya mpunga. Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo dogo ambalo kila mwenye nyumba hulifanya, au husema kwamba atalifanya mwaka ujao, nalo ni kuitengeneza nyumba na kuipaka upya.

Pengine mtu atasema, "Je, hili nalo lahitaji mafunzo? Kila mtu ajua kupaka ukuta." Ni kweli. Nasi zamani tulisema hivyo hivyo. Basi tuanze kwa kuwasimulia kosa letu wenyewe, maana kosa la mwalimu likisimuliwa laweza kuwa somo zuri kuliko mafundisho yake.

Tulipokuwa walimu vijana, mwaka wa pili baada ya kuoa, tulipata nyumba ya matofali mabichi iliyokuwa ya mtu aliyehama. Ilikuwa na sebule, chumba chetu, na chumba kidogo cha wageni. Ikaja habari kwamba shangazi yetu, aliyetulea tulipokuwa wadogo, atakuja kutuona. Furaha ilikuwa kubwa. Tukanunua chokaa kwa fedha kidogo tuliyokuwa nayo, tukaupaka ukuta wa mbele, na pande zote mbili zinazoonekana kutoka njiani. Nyumba ikang'aa hata wapita njia wakasimama kuitazama. Chokaa ikatuishia hapo. Mwenzetu wa nyumbani, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito, alituuliza, "Na chumba cha mgeni je? Ukuta wake una nyufa hata vidole vyaingia." Tukamjibu, "Tutakiwahi baadaye. Usiku hakuna anayetazama ukuta."

Shangazi akafika, tukamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Nyumba yenu nzuri kweli kweli." Maneno hayo yalitupendeza sana. Tukamtandikia mkeka katika chumba kidogo, sakafuni karibu na ukuta.

Siku ya nane shangazi akashikwa na homa kali, kichwa kikamgonga, viungo vikamwuma, akatapika. Tukadhani ni malaria, tukampa dawa tuliyokuwa nayo. Siku chache baadaye homa ikaondoka, naye akaamka na kuomba uji. Tukashukuru. Walakini baada ya juma moja hivi homa ikarudi, tena kwa nguvu, hata hakuweza kusimama. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali. Mganga akatoa tone la damu, akalitazama kwa hadubini, akaona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama uzi. Akatuuliza, "Mgonjwa huyu alilala wapi?" Tukasema, "Alilala kwetu, katika nyumba safi, yenye chokaa." Akasema, "Nendeni mkachimbe ufa ulio karibu na kichwa chake."

Tukarudi, tukawasha taa, tukabandua udongo wa ukuta kwa kisu. Ndani ya ufa, katika vumbi, walikuwamo papasi, wa rangi ya udongo wenyewe, wametulia kama vijiwe. Hatutaisahau aibu ya usiku ule. Zaidi ya aibu tulikuwa na hofu, kwa sababu homa ya papasi ni hatari hasa kwa mwanamke mjamzito na kwa mtoto mchanga. Mimba yaweza kuharibika. Na mwenzetu alikuwa amelala katika nyumba hiyo hiyo kila usiku.

Mungu alitusaidia. Shangazi alipewa dawa akapona, na mwenzetu hakuugua. Lakini shangazi alipokuwa akipata nguvu alituambia neno moja: "Wanangu, mgeni akiisha kulala hauoni tena ukuta wa nje." Hakusema zaidi, wala hakukuwa na haja.

Basi tuseme kidogo habari za mdudu huyu. Papasi hakai mwilini mwa mtu kama kupe akaavyo juu ya ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta, katika vumbi la sakafu ya udongo, na chini ya mikeka. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla ya kucha. Kwa hiyo mtu aweza kuishi naye nyumbani miaka mingi bila kumwona. Tena ni mdudu mvumilivu mno: aweza kukaa muda mrefu sana bila kula, hata miaka, akimngoja mtu. Nyumba iliyoachwa tupu si salama kwa sababu tu haikukaliwa. Naye husafiri ndani ya mikeka na mizigo, akahamia nyumba nyingine.

Wataalamu waliyatambua mambo haya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 Daktari Robert Koch wa Ujerumani alikuja katika nchi yetu, akachunguza homa hii, akaona kwamba vijidudu vyake huingia hata ndani ya mayai ya papasi, na hivyo watoto wa papasi huzaliwa na ugonjwa tayari. Huko Kongo, Daktari Joseph Dutton na mwenzake John Todd walikuwa wakiichunguza homa hiyo hiyo. Dutton aliambukizwa katika kazi yake, akafa mwaka ule ule wa 1905. Tangu hapo dawa nzuri zimepatikana, na nyumba nyingi zimebadilika, hivyo ugonjwa umepungua sana. Lakini haujakwisha, hasa mahali penye nyumba za udongo zenye nyufa na watu walalao sakafuni. Na kwa kuwa hufanana na malaria, mtu aweza kupewa dawa isiyomfaa. Kwa hiyo, homa ikiondoka kisha ikarudi, nendeni mkapimwe damu.

Sasa twaingia katika kazi yenyewe. Wakati wake mzuri ni kiangazi, mpunga ukiisha kuvunwa, kuanzia mwezi wa 6 hata mwezi wa 10. Udongo hukauka vizuri, na mikono ya kufanya kazi imo nyumbani.

Jambo la kwanza, toeni kila kitu nje: vitanda, mikeka, masanduku, magunia, hata picha za ukutani. Vianikeni juani, mvikung'ute mbali na mlango. Mtu apakaye ukuta kwa kuuzunguka mtungi amewatunzia papasi nyumba yao.

Jambo la pili, zibeni nyufa. Msipake chokaa juu ya ufa, maana chokaa ni nyembamba kama maji ya mchele, haizibi kitu. Kwangueni ule udongo uliolegea, pekueni ufa mpaka mwisho, fagieni vumbi na kulichoma moto mbali na nyumba. Kisha tieni maji kidogo ufani ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kazi hii, kwa kuwa mchwa wameuchagua na kuuponda kabla yetu. Lakini udongo peke yake ukikauka husinyaa na kupasuka tena. Dawa yake tunayo hapa Usangu bure: majani ya mpunga yaliyokatwa vipande vifupi, au pumba. Changanyeni na udongo, kandeni kwa miguu, mwache kutwa na kucha, kisha kandeni tena. Majani yale huushika udongo kama nyuzi zishikavyo kitambaa. Wengi wetu huzitumia pumba kwa kuchomea matofali. Basi wekeni na gunia moja kwa ajili ya ukuta.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Katika nyumba za tembe, zenye paa la udongo lililolala juu ya miti, mama zetu walikuwa wakizikanda kuta na sakafu mara kwa mara, wakazipamba kwa udongo mweupe, mwekundu, na masizi. Tusidhani kwamba usafi wa nyumba ulifika pamoja na duka. Kilichopungua kwao kilikuwa madirisha, si bidii.

Jambo la tatu ni chokaa yenyewe. Yafaa wanafunzi walijue jambo hili, kwa kuwa ni la ajabu. Chokaa hutokana na mawe. Pwani huchoma matumbawe. Kwetu upande wa Mbeya, katika bonde la Songwe, yamo mawe ya chokaa. Jiwe likichomwa kwa moto mkali sana hutoa hewa ya ukaa iliyokuwamo ndani yake, likabaki jepesi. Likitiwa maji huchemka lenyewe bila moto, huvimba na kuwa unga. Hapo twasema chokaa imezimwa. Nasi tukiisha kuipaka ukutani, taratibu huivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka hewani, ikawa jiwe kama mwanzo. Kwa hiyo mpakaji wa chokaa humrudishia jiwe hewa yake, na ukuta wake huvikwa ngozi nyembamba ya jiwe.

Mkilielewa hilo mtaelewa kanuni zake zote. Lowesheni ukuta kwanza, maana ukuta mkavu huyanywa maji ya chokaa kabla haijashika, ikabaki vumbi liwezalo kufutika kwa bega. Chujeni chokaa kwa kitambaa, ikorogeni na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Tieni chumvi kidogo, konzi moja kwa ndoo, iliyoyeyushwa katika maji ya moto, ili ishike vema. Pakeni mara tatu, kila mara nyembamba, na kila mara mngoje mpaka kesho yake. Mara ya kwanza ukuta utaonekana kama haukupakwa. Msikate tamaa wala msizidishe unene, kwani weupe huja ikikauka. Chokaa nzito hubanduka kama magamba ya samaki.

Tena jihadharini. Chokaa huunguza, hasa macho. Isiyozimwa ni hatari kuliko moto, kwa sababu haionyeshi mwali. Wekeni watoto mbali wakati wa kuizima, tieni chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, wala msimwage maji juu ya chokaa nyingi. Ikiingia jichoni, osheni papo hapo kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha mwende kwa mganga.

Pengine mtauliza habari za rangi za mafuta ziuzwazo makoponi. Ni nzuri kwa milango na madirisha. Lakini juu ya ukuta wa udongo hazifai sana, kwa kuwa ukuta huo hupumua unyevu, na rangi ya mafuta huuziba; unyevu ukikosa njia huisukuma rangi ikavimba na kubanduka. Isitoshe, rangi nyingine, hasa za zamani, zina madini ya risasi, nayo ni sumu idhuruyo akili za watoto. Msiikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu na watoto wakiwapo. Lowesheni kwanza, na vumbi lake mlifukie mbali.

Jambo la nne, msisahau sakafu na kitanda. Sakafu ya udongo ikandwe upya kila ionekanapo mpasuko. Mwenye kuweza saruji, na aanze chumba cha kulala kabla ya baraza. Kitanda kisimame mbali na ukuta kwa upana wa mkono, na shuka isiguse chini.

Na nani aifanye kazi hii? Twaona nyumba nyingi ambamo mama hukanda, hubeba maji na kupaka, na baba husifiwa na wageni. Hilo si haki. Baba na achimbe udongo na kupanda juu ya ngazi, wavulana na wachote maji pamoja na dada zao. Siku chache za jamaa nzima zatosha.

Baada ya ugonjwa wa shangazi tuliibandua nyumba yetu yote, tukaanza na chumba cha mgeni. Fedha ilipotuishia, ukuta wa mbele ulikuwa umeanza kuchakaa kwa mvua, nasi tukauacha hivyo. Mwaka uliofuata shangazi akaja tena. Wakati huo mtoto wetu alikuwa amezaliwa. Shangazi akampakata, akaingia chumbani kwake, akapitisha kiganja juu ya ukuta polepole kutoka pembe hata pembe, karibu na sakafu. Hakupata ufa. Akakiangalia kiganja, hakikuwa na vumbi. Akamlaza mtoto juu ya kitanda chake, akasema, "Leo nimekaribishwa."

Wasikilizaji wetu, kiangazi ni kifupi. Mkiwa na chokaa ya kutosha nyumba nzima, pakeni nyumba nzima. Mkiwa nayo kidogo, anzeni ndani, mahali mnapolaza wageni na watoto. Njia haitaugua kwa kuuona ukuta wenu usio mweupe.